Gari Jipya la Meneja

Gari jipya liliingia uani kimya kiasi kwamba Mkunga hakulisikia. Alichosikia ni honi, na ilikuwa honi ya mtu anayetaka kutazamwa: fupi, fupi, ndefu. Akaweka kikombe chini, akasogeza pazia. Pale lilipokuwa likiegeshwa gari lake miaka yote, palipo na doa la oili ardhini, palikuwa na kitu cheusi kinachong'aa mpaka kinaumiza macho. Mwanawe alikuwa ameuegemea mlango wa kitu hicho, mguu mmoja umepishana na mwingine, kama wale wanaume wa kwenye kalenda za maduka ya vipuri.

"Mama, njoo uone," akaita.

Mkunga alitoka taratibu kwa sababu ya nyonga. Lile jeusi hakulitazama. Alitazama nyuma yake, akatazama nje ya geti, kisha akamtazama mwanawe.

"Gari langu liko wapi?"

"Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtua. Liko wapi?"

"Nimemuuzia yule mama wa mayai, hapo chini. Pesa yake nimeongezea kwenye hili." Akalipapasa boneti kama mtu anayempapasa farasi. "Mama, lile lilishakuwa aibu. Mtu wa cheo changu hawezi kushuka kwenye gari ambalo mlango wake unafunguliwa kwa kupitisha mkono dirishani."

Gari lile Mkunga alilinunua kwa kiinua mgongo chake, alipostaafu wodi ya wazazi. Liliandikwa kwa jina la mwanawe kwa kuwa siku ya kuandikisha yeye alikuwa amelala na homa, na kwa kuwa mtu hamdhanii vibaya mtoto aliyemzaa. Na hicho cheo nacho kilikuwa na mambo yake. Kwenye barua za kampuni ya bima mwanawe alikuwa msaidizi wa meneja. Neno "msaidizi" lilikuwa limedondoka njiani siku nyingi, na hakuna aliyewahi kumwona akiinama kuliokota. Wenye utani mtaani walimwita Meneja, naye, maskini, aliitika.

Mkewe alitoka akitanguliwa na tumbo. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, na mimba hiyo waliisubiri miaka mpaka watu wakaacha kuuliza. Alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, akachagua maneno ambayo hayangemuumiza yeyote.

"Limependeza," alisema.

"Linapendeza," alisema Mkunga. "Jeneza nalo hupendeza."

Akarudi ndani kumalizia chai yake, ambayo ilikuwa imepoa.

Kwa kusema haki, lile la zamani halikuwa malaika. Mkunga hakuwa mtu wa kulilia bati. Lilichemka kwenye kila kilima, likawa linatembezwa na dumu la maji kwenye buti kama mgonjwa wa figo. Gia ya tatu iliingia kwa kubembelezwa. Mvua ikinyesha, abiria wa nyuma kulia alijua ataloa bega. Lakini lilikuwa gari la kukalia. Ulipanda na viatu vyako, na kikapu chako, na mguu wako mbovu uliopakwa dawa ya kuchua, na halikukuuliza kitu.

Hili jipya lilikuwa na masharti kuliko hospitali ya jeshi. Viti vilikuwa vya ngozi, rangi ya maziwa, na Meneja alivizungumzia kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza kwenye nyumba ya msiba. Viatu vilivuliwa na kushikwa mkononi. Maji ya kunywa yalipigwa marufuku. Mlango haukufungwa kwa kuusukuma; ulisindikizwa. Na Mkunga alitandikiwa taulo.

"Ni kwa ajili ya ile dawa yako tu, Mama," Meneja alieleza, akilinyoosha lile taulo kwa viganja vyote viwili. "Harufu yake inaingia kwenye ngozi, haitoki."

"Wewe ulinitapikia mgongoni miezi saba," alisema Mkunga. "Sikukutandikia taulo."

"Mama, usianze."

Mkewe, mbele, alicheka kidogo kicheko cha kuomba amani. Mkunga alimpenda mkwewe, ila alimdharau kidogo kwa kicheko hicho. Alikwishaona wanawake wengi wakicheka hivyo, na akawaona baadaye walivyoishia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kliniki ya nyonga. Njia ya kuingilia hospitalini ilikuwa imechimbika, na gari jipya, pamoja na fahari yake yote, lilikuwa na tumbo la chini. Meneja akasimama barabarani, mbali na geti.

"Hapo ndani litakwaruza. Tembea kidogo tu, Mama, ni mazoezi."

Mkunga alitembea. Alitembea huku akishika ukuta, na walinzi wa geti waliomjua tangu enzi zake za kazi wakasimama kumpa kiti. Mmoja akauliza kwa heshima kama siku hizi hana mtu wa kumleta. Mkunga akajibu kwamba anaye, yuko barabarani, anaogopa kuumia. Mlinzi hakuelewa, lakini aliona uso wake, akamfungulia geti.

Aliporudi alimkuta Meneja amechutama nyuma ya gari, anapuliza vumbi kwenye taa kwa pumzi ya mdomo wake. Mtu mzima, suruali ya kitambaa, tai shingoni, amevimbisha mashavu. Mkunga alisimama akamtazama mpaka akaridhika. Aliwahi kuwaona wanaume wakizimia kwa kuona damu, wakikimbia wodi, wakikana watoto waziwazi, na katika hao wote hakukumbuka aliyemchosha roho kama huyu.

Jumapili moja Meneja aliwaita wenzake wawili wa ofisini. Sababu iliyotajwa ilikuwa chakula cha mchana. Wageni walipelekwa uani kabla ya kukaribishwa ndani, wakaoneshwa skrini, wakaoneshwa vioo vinavyojikunja vyenyewe, wakakalishwa kwenye viti vya ngozi baada ya kuvua viatu, nao walivua, wanaume wazima, wakabaki na soksi zao. Mmoja yake ilikuwa imetoboka kidoleni. Mkunga, aliyekuwa kibarazani, aliona na akainamisha macho, si kwa huruma.

Ndipo mama wa mayai alipopita kwenye lile la zamani, trei zimepangwa nyuma hadi darini, moshi unafuata. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kauli nyepesi. Akasimama getini kumsalimu Mkunga.

"Shikamoo, Mkunga. Mgonjwa wako nakuletea salamu zake."

"Marahaba. Bado anapumua?"

"Anapumua, anakohoa, anaenda. Leo kilima nimekipanda nikisimama mara moja tu."

Meneja alijitokeza, akawakonyeza wageni wake. "Mama wa mayai, ukichoka kusukuma niambie. Ofisini kwetu kuna bima ya mazishi, labda itapokea na magari."

Wageni wakacheka. Mama wa mayai hakukasirika. Alilitazama lile jeusi kuanzia mbele hadi nyuma kwa utulivu, kama anayetazama mbuzi wa mtu mwingine.

"Zuri," alisema. "Linabeba nini?"

Meneja akaligeukia gari lake kama linaweza kumjibia. "Linabeba watu," akasema hatimaye.

"Aa," alisema mama wa mayai, akaingiza gia, ikalia, akaondoka.

Mkunga aliingia ndani upesi kadiri nyonga ilivyomruhusu. Hakutaka wageni wamwone anavyotabasamu.

Uchungu ulianza wiki mbili kabla ya tarehe, siku ya mapumziko, baada ya chakula. Mwalimu alikuwa jikoni akikausha sahani. Sahani ilivunjika, kisha akaita, "Mama," kwa sauti ambayo Mkunga aliijua kuliko jina lake mwenyewe.

Alimkuta ameshika ukingo wa sinki, sakafu imelowa. Mkunga aliinama, nyonga ikapiga kelele, hakuisikiliza. Maji yalikuwa ya kijani. Kijani kizito, kama maji ya bwawa lisilo na mkondo. Akayagusa, akayanusa, akainuka, na uso wake haukubadilika hata kidogo kwa sababu uso huo ulifundishwa kazi.

"Yamekuwaje, Mama?"

"Mtoto amejisaidia humo humo. Hutokea. Ila haipendezi akae. Tunakwenda sasa hivi."

Meneja alikuja na gazeti mkononi. Mkunga akamwambia maneno machache: apige simu ya gari la wagonjwa, kisha awashe gari. Simu iliita mpaka ikakata. Mara ya pili vilevile. Meneja akatoka kwenda uani, na Mkunga akampokea mkwewe kwapani, wakaanza kuvuka sebule hatua kwa hatua, wakisimama kila uchungu ulipokuja.

Walipofika mlangoni, gari lilikuwa limefunguliwa lakini halijawashwa. Meneja alikuwa ameinamia kiti cha nyuma, anatandaza nailoni. Alikuwa na mkasi. Alikuwa na selotepu katikati ya meno.

"Dakika moja," alisema kupitia ile selotepu. "Dakika moja tu. Sogeeni pole pole, inateleza hii nailoni."

"Toka tupite," alisema Mkunga.

"Mama, hayo maji ni ya kijani. Nimeyaona pale jikoni. Yakiingia kwenye mishono hayatoki, nakwambia. Nimalizie upande huu."

Mwalimu alisimama ameshika nguzo ya baraza. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Alimtazama mumewe akikata kipande kingine, akikipima, akikiona kifupi, akikitupa. Hata kile kicheko chake kidogo hakikutoka.

Mkunga alimkalisha kibarazani, akatoka getini. Kwa mama wa mayai palikuwa nyumba ya tatu. Alitembea kama asiyekuwa na nyonga, na kichwani alikuwa amekwisha kulipanga: trei zitashushwa, mkwewe atalala nyuma, njia ya hospitali lile la zamani linaijua lenyewe. Alijisikia hata raha fulani mbaya. Alitaka Meneja abaki na nailoni yake aone mkewe akiondoka katika moshi wa gari alilolidharau.

Alilikuta boneti juu. Rejeta ilikuwa imetolewa, imelazwa kwenye gunia. Mama wa mayai alikuwa amekaa kwenye ndoo, mikono imejaa masizi.

"Limepasuka asubuhi, Mkunga. Fundi kaenda kutafuta nyingine. Kuna nini?"

Mkunga alilitazama gari lake. Lilikaa pale limepanua kinywa, halina haya, kama mlevi aliyeitwa siku ya harusi. Akajisikia mjinga. Wiki zote hizo alilisifia moyoni kumkomoa mwanawe, na siku ya haja ndiyo hiyo.

"Uchungu," alisema. "Njoo unisaidie kumpandisha."

Walirudi wote wawili. Meneja alikuwa ameingia ndani kutafuta kipande kikubwa zaidi. Walimsikia akivuta kitu chini ya kitanda, akiuliza ukuta pazia la bafuni liliwekwa wapi. Ufunguo alikuwa ameuacha kwenye dashibodi. Mkunga akaing'oa nailoni kwa mkono mmoja, akaitupa. Wakampandisha Mwalimu, na viatu vyake, na gauni lililolowa, wakamlaza ubavu wa kushoto juu ya ngozi ya rangi ya maziwa.

Mkunga akazunguka akaingia upande wa usukani.

"Mama," alisema Mwalimu kwa tabu, "unajua kuendesha hili?"

"Lina usukani."

Alikuwa amemtazama mwanawe akijionesha nalo mara nyingi vya kutosha. Alikanyaga breki, akabonyeza kitufe. Mama wa mayai akafungua geti. Wakati gari linaingia barabarani Mkunga alimwona Meneja kwenye kioo, ametokea mlangoni na pazia la bafuni mikononi, pazia lenye picha za samaki, mdomo wazi. Akadhani atasikia jina la mkewe. Alichokisikia kabla kioo cha dirisha hakijapanda ni, "Mama, geti, angalia geti."

Gari lilikuwa zuri. Hili Mkunga alikiri baadaye kwa kila aliyeuliza, na halikumpendeza kukiri. Lilipanda kilima kama kimelainishwa. Lilipotulia kwenye mataa halikutikisika, na hewa baridi ilimpuliza Mwalimu usoni, akapata nafasi ya kuvuta pumzi kati ya uchungu na uchungu. Mtu mmoja wa baiskeli alikatiza ghafla. Mkunga akakanyaga breki, gari likasimama hapo hapo, bila kuyumba. Lile la zamani lingemuua yule mtu, kisha likazima. Kwa hiyo wiki zote hizo alikuwa amelichukia gari bure. Gari halikuwa na kosa lolote. Halikumtandikia mtu taulo.

Kwenye ile njia iliyochimbika hakusimama. Tumbo la gari lilipiga jiwe, likakwaruza kwa sauti ndefu, mbaya, na Mkunga akakaza mguu. Walinzi wakalifungua geti kabla hajapiga honi.

"Mama," Mwalimu aliita kutoka nyuma. "Hachezi. Tangu pale nyumbani hajacheza."

"Amechoka. Na wewe ungechoka. Tumefika."

Walimpokea kwa kitanda cha magurudumu. Mkunga aliwaeleza rangi ya maji na mengine ya lazima, na daktari kijana aliyetaka kuuliza tena akaambiwa na nesi wa zamu amsikilize huyo mama. Mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Mkunga alibaki kwenye benchi la mbao. Alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango huo maisha yake yote na hakuwahi kujua jinsi benchi lilivyo gumu.

Mtoto alipotolewa hakulia. Hilo Mkunga alilijua kutokana na ukimya na kutokana na viatu vilivyokimbia upande mmoja wa chumba. Alijua wanachofanya, kitu baada ya kitu, mpira wa kunyonya uchafu puani, kusugua mgongo, kupuliza, na aliyafuata yote akilini akiwa amefumba macho, midomo ikicheza. Kisha ikatoka sauti nyembamba, ya hasira, kama paka aliyekanyagwa. Mkunga akainama, akaweka uso kwenye kanga yake, akalia kwa muda ambao haukumhusu mtu.

Meneja alifika kwa bodaboda. Alikuwa amebadilisha shati. Aliwakuta wodini, Mwalimu kitandani, bado hana nguvu kiunoni kwenda chini, mtoto amefungwa kifuani pake, mpira mwembamba wa hewa puani.

Alisimama miguuni pa kitanda. Akatazama. Kuna kitu kilipita usoni mwake, kitu kama cha binadamu, na Mkunga akakisubiri kwa hamu iliyomshangaza mwenyewe. Yeye ndiye aliyemzaa. Angempa msamaha pale pale kwa neno moja tu.

"Poleni," alisema Meneja. "Poleni sana." Akatazama dirishani. "Gari mmeliegesha wapi?"

Mwalimu akafumba macho.

"Nyuma ya maabara," alisema Mkunga. "Limekwaruza chini. Na kiti kimeloa."

"Kimeloa kiasi gani?"

"Kaangalie."

Akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Mkunga akampa, bila kugusa kiganja chake. Meneja akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akakumbuka, akarudi, akamshika mkewe unyayo juu ya shuka, akatoka.

Nesi mwingine alikuja kumpima Mwalimu. Alikuwa binti mchangamfu, mgeni wodini. Alimsifia mtoto kwa nywele, akauliza jina, akaambiwa bado.

"Na baba mtoto yupo? Daktari anataka kuzungumza naye kidogo."

"Yupo," alisema Mkunga. "Anaosha gari."

Binti alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akafuata macho ya Mkunga dirishani na kicheko kikamwishia. Chini, nyuma ya maabara, milango yote minne ilikuwa wazi. Meneja alikuwa ameazima ndoo ya wafagizi. Alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, kichwa na mabega ndani ya gari, anasugua. Aliinuka, akakinusa kitambaa, akakisuuza, akarudi.

"Niinue," alisema Mwalimu.

"Usiinuke, mwanangu. Una mshono."

"Niinue kidogo, Mama. Nataka kuona."

Mkunga na yule nesi wakamwongezea mto. Mwalimu alitazama chini kwa muda mrefu, mkono wake mgongoni mwa mtoto, unapanda na kushuka na pumzi zake. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayerudia hesabu aliyoikosea zamani, na sasa anaona ilipokosewa.

"Nikiruhusiwa sirudi pale," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Nitakwenda kwa dada yangu."

Mkunga alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba ni mapema, kwamba uzazi unachanganya akili, kwamba mwanamume ni mwanamume. Aliwahi kuwaambia wanawake hayo yote, kwenye vitanda kama hicho, kwa miaka. Akatazama tena nje. Meneja sasa alikuwa amelala chali chini ya gari lake, miguu tu ndiyo inaonekana, anatafuta mkwaruzo.

"Dada yako ana vyumba vingapi?" aliuliza.

"Viwili."

"Na watoto?"

"Watatu."

Mkunga akavuta kiti, akakaa, akamfunika mtoto kisogo vizuri kwa ncha ya shuka.

"Tutabanana," alisema.